Mtoto kashika tama ukutani

Kwenye kipindi cha juzi niliropoka kwamba picha za watoto zilizopigwa gizani-gizani, zile za kujifanya mchoro wa zamani, hazifai kutundikwa ukumbini. Mwenzangu akacheka, akasema nimeshakuwa mzee, halafu muda ukatuishia. Sasa naomba nimalize nilichoanza, kwa sababu sikueleza kilichonifanya niropoke.

Ni picha moja tu, ya mpwa wangu. Dada kaniruhusu niiandike kwa sharti nisitaje majina na nisiseme ilipigwa studio gani. Sawa, dada.

Picha yenyewe ni hivi. Ukubwa wake ni kama mlango wa kabati la jikoni. Nyuma ni nyeusi tii; si pazia, si ukuta, nyeusi tu. Mtoto ana miaka mitano, kavaa shati la kitani rangi ya udongo ambalo si lake, ni la studio. Kakaa kwenye kigoda, kiwiko juu ya goti, shavu kaliegemeza kwenye kiganja. Mwanga unatoka upande mmoja, kama wa dirishani, unampiga kwenye paji la uso, pua na shavu moja. Upande wa pili umemezwa. Haangalii kamera. Anaangalia chini, pembeni, mahali ambapo hakuna kitu.

Na ni picha nzuri. Naisema mapema msije mkadhani sioni. Nilipoonyeshwa kwenye simu mara ya kwanza nilinyamaza, na mimi si mtu wa kunyamaza, mnanijua.

Dada alilipa pauni 480, fremu ndani yake. Akampelekea mama, kwa sababu ukumbi wa mama ndio ukuta wetu sote. Si unazijua nyumba zile: uko London mashariki, ghorofa ya tatu, lifti mbovu, lakini ukifungua mlango uko Unguja. Ayatul Kursiy ya rangi ya dhahabu. Saa ya msikiti inayoadhini kwa saa za mji mwingine. Harusi mbili, mahafali matatu na zile kofia za pembe nne. Na katikati bibi, mama yake mama, kwenye picha nyeusi na nyeupe. (Nyumbani kwa baba mdogo hakuna picha ya kiumbe chochote ukutani, yeye ana msimamo wake wa dini, na kwa kweli kajiepusha na ugomvi mwingi.)

Mama akaitazama picha ya mjukuu wake kwa muda. Hakuuliza bei. Akauliza, "Kwa nini kashika tama?"

Kwa wale mliokulia huku kama mimi na hamkuwahi kupigwa kikofi cha mkono kwa kosa hilo: kushika tama ni kuegemeza shavu kwenye kiganja. Kwa Waingereza mkao huo ni wa mtu anayewaza, au mwanafunzi aliyechoka na hesabu. Kwetu ni mkao wa mfiwa. Ni wa mtu ambaye chombo chake kimezama na mali yote ndani. Mtoto akikaa hivyo kwenye mkeka wa chakula anaambiwa, "Toa mkono shavuni, unamlilia nani?" Mpiga picha hakukusudia ubaya wowote, wala hajui Unguja iko upande gani wa dunia. Kaona mtoto mwenye mawazo. Mama kaona mtoto anaomboleza, kwenye fremu ya mbao, analetewa ukumbini kwake na kuambiwa asante useme.

Dada akasema, "Mama, ni mtindo tu."

Mama akasema, "Mtindo wa nani?"

Dada akachukua ufunguo wa gari akaondoka. Wiki tatu walikuwa wanazungumza kupitia kwangu. "Mwambie mama yako." "Mwambie dada yako." Mimi, mtu wa kipindi cha mazungumzo, nikawa posta.

Mwanzoni nilikuwa upande wa dada. Nilidhani mama anataka picha za meno nje, zile za puto na keki. Halafu nikamwangalia bibi pale katikati ya ukuta. Bibi hacheki! Hata kidogo. Picha ilipigwa studio mjini Unguja miaka ya 1950, bibi ni msichana mbichi, na kakaza uso kama hakimu. Ukitazama picha za studio za pwani za miaka ile utaona hivyo hivyo. Capital Art Studio ya Ranchhod Oza, iliyofunguliwa 1930 Mji Mkongwe na baadaye ikaendelezwa na mwanawe Rohit, au N. V. Parekh kule Mombasa, ambaye alipiga picha watu wa pwani kwa miongo kadhaa. Wengi wametulia, wamekaza, hawana tabasamu la bure. Kwa hiyo mama hana tatizo na sura isiyocheka. Kaishi chini ya sura isiyocheka maisha yake yote.

Tofauti ni nini basi? Nilikaa nikazilinganisha zile picha mbili, moja ukutani na moja imeegemezwa nyuma ya kochi, uso umegeuziwa ukuta. Bibi anaangalia kamera, moja kwa moja. Kavaa nguo zake, alizozichagua yeye au mama yake. Kuna meza ndogo, kuna maua ya plastiki, na mwanga umemwagika kila mahali, unaona mpaka ncha ya kiatu. Bibi alikwenda studio kujionyesha. Anasema, mimi ndiye huyu, mtanikumbuka hivi. Mpwa wangu haonyeshi kitu. Anatazamwa. Kama vile mtu kamchungulia mlangoni, na yeye hajui.

Sasa, "mtindo wa nani." Nilikwenda kutafuta, kwa sababu swali la mama lilinikera kwa namna ambayo maswali ya mama hunikera, yaani kwa kuwa sahihi.

Giza lile limetoka kwa wachoraji wa Ulaya wa karne ya 17, watu wa mshumaa na dirisha moja. Studio nyingi humtaja Rembrandt, na mwanga wa upande mmoja unaoacha kipande kidogo cha nuru kwenye shavu la kivulini mpaka leo huitwa kwa jina lake. Na wallahi nilipofungua michoro yake nikakuta mtoto kashika tama! Ni mwanawe mwenyewe, Titus, kachorwa mwaka 1655, mchoro uko Rotterdam. Mtoto ana kalamu mkononi, dole gumba kaligandamiza shavuni, macho yako mbali, nyuma ni giza. Alikuwa na miaka kama kumi na minne. Mama yake alikufa akiwa hajatimiza hata mwaka. Watoto wanne walizaliwa kwa mama huyo, na Titus peke yake ndiye aliyepita utoto mchanga.

Mchoro ule ungenifanya nifute kila nilichosema kwenye kipindi. Ni giza, ni huzuni, ni mtoto, na ni mapenzi matupu. Ningeutundika hata jikoni. Lakini Rembrandt alimjua Titus. Alikuwa anamwona pale mezani kila siku, alijua mtoto wake akikwama kwenye kuandika huweka kidole wapi. Mkao ule ni wa Titus. Mkao wa mpwa wangu ni wa studio, na mtoto wa saa nne aliyefuata bila shaka alikalishwa kwenye kigoda kile kile na shati lile lile.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na sisi. Mwaka 1868 jeshi la Uingereza liliivamia ngome ya Maqdala, Ethiopia. Mfalme Tewodros akajiua kuliko kutekwa. Mtoto wake Alemayehu, miaka saba, akachukuliwa, mama yake akafariki njiani, na mtoto akaletwa mpaka Uingereza, kwenye kisiwa cha Wight. Pale alikuwa akiishi Julia Margaret Cameron, mmoja wa wapiga picha maarufu wa zama za Malkia Victoria, mama wa huu mtindo wa watoto wenye nyuso nzito na macho ya mbali. Kamera za wakati ule zilimtaka mtu akae bila kutikisika kwa muda mrefu, na kwa mtoto hilo peke yake ni adhabu. Akampiga picha Alemayehu.

Zitafuteni picha zile. Ni nzuri, na zinauma. Huzuni ya mtoto yule haikuigizwa. Alikufa Leeds mwaka 1879, ana miaka kumi na nane, kazikwa Windsor, na mwaka 2023 kasri la Buckingham lilikataa ombi la kurudisha mabaki yake Ethiopia. Kila nikiiona picha ile najiuliza watu wa siku zile waliitazamaje. Nadhani walisema, tazama uzuri wa uso wa huyu mtoto wa Kiafrika. Sijui wangapi waliuliza ana nini.

Hilo ndilo linaloniogopesha kwenye giza zuri. Huzuni ya mtoto inageuka pambo, na pambo haliulizwi una nini.

Kuna jambo jingine ambalo dada alilisahau na mama hakulisahau. Kwenye kabati la mama, chini ya mashuka, kuna bahasha ya picha zetu za shule ambazo hazijawahi kutundikwa. Nimezitoa juzi. Mimi, darasa la kwanza, 1996, safu ya pili: macho mawili na meno. Wenzangu weupe unawaona mpaka madoadoa ya pua. Mimi ni kivuli kilichovaa sweta. Siku ya picha mama alikuwa anatupaka mafuta usoni mpaka tunateleza, na sisi tunaona haya, tunajifuta kwenye basi. Leo najua kwamba wapiga picha za sinema hufanya hivyo hivyo, wanaipaka ngozi nyeusi mafuta ili iurudishe mwanga. Mama hakusoma popote. Alikuwa anapambana na kamera.

Na kamera kweli ilikuwa na lake. Tangu miaka ya 1950 Kodak ilikuwa inazipelekea maabara za kusafisha picha kadi yenye picha ya mwanamke wa kizungu, maarufu kama kadi ya Shirley. Rangi zikikaa vizuri kwenye ngozi yake, basi mashine iko sawa. Lorna Roth, mtafiti wa Kanada, ameeleza kwamba waliolalamika mpaka filamu zikaanza kurekebishwa ni watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, kwa sababu kahawia moja haikuonekana tofauti na nyingine. Chokoleti, jamani. Kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali ilikuja miaka ya 1990, na mashine ya shule yetu, kwa ushahidi wa bahasha ile, haikupata habari.

Kwa haki, mpiga picha wa dada alijua kazi yake. Upande uliopata mwanga, ngozi ya mpwa wangu ni kama shaba iliyosuguliwa, hujawahi kuona kitu kama hicho kwenye picha zetu za shule. Lakini jiweke kwenye kochi la mama. Kapigana miaka yote watoto wake waonekane uso mzima, halafu binti yake mwenyewe kalipa pauni 480 ili nusu ya uso wa mjukuu imezwe. Kwa Kiswahili mtoto unayempenda ni nuru ya macho yako. Uso mzuri tunasema una nuru. Lugha yenyewe iko upande wa mama.

Lakini hayo yote siyo yaliyomfanya dada akachukua ufunguo wa gari. Nilikwenda kwake Jumapili moja, posta ile ile, na akaniambia kitu ambacho hakumwambia mama.

Mwaka ule picha ilipopigwa ndio mwaka shemeji alihama nyumbani. Familia ilijua, na familia ilifanya tunachofanya siku zote: tulileta chakula, tukasema subira, tukabadilisha mazungumzo. Dada akasema, "Kila picha ya ukuta ule watu wanacheka. Hata mwaka ule mngetaka tucheke. Mimi nilitaka picha moja ya kweli."

Sikuwa na jibu. Kwa sababu ana haki, ukuta wa mama nao una uongo wake. Kuna picha ya Idi ya 2003, tumejipanga kwenye ngazi za mlangoni, kanzu nyeupe, tunang'ara, na asubuhi ile baba alikuwa katoka kupata barua ya kuachishwa kazi. Hakuna mgeni anayejua. Sisi tukiiona tunaikumbuka barua kwanza na Idi baadaye. Kwa hiyo mtu akiniambia picha za kucheka ndizo za kweli na za giza ni maigizo, simkubalii.

Nikamkuta mpwa wangu chumbani kwake anapanga magari. Nikamuuliza, "Siku ile ya picha ulikuwa unawaza nini?"

Akasema, nampa kwa Kiswahili chake: "Kile kiti kinafanya sauti kama bata, anko. Mimi nacheka. Yule mtu anasema usicheke."

Rudia sentensi hiyo. Mtoto alikuwa anacheka. Miaka mitano, nyumba imepasuka katikati, na kigoda kinalia kama bata na yeye anacheka, na akaambiwa asicheke, aweke mkono hapa, aangalie pale. Huzuni iliyoko kwenye picha ile ipo kweli, sikatai. Ni ya dada. Kavalishwa mtoto, kama lile shati la studio.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na mtu asinitafsirie vinginevyo. Sina ugomvi na giza, wala na sura isiyocheka. Nina ugomvi na kumpa mtoto uso wa mtu mzima kisha kuutundika mahali ambapo hawezi kuukwepa. Ukumbi si makumbusho. Makumbusho unalipa, unatazama, unaondoka. Ukumbini mtoto anakula chini ya picha yake, wageni wanamwangalia yeye kisha ukuta kisha yeye tena, na kila shangazi anayeingia anauliza kwa huruma, "Huyu vipi, alikuwa anaumwa?" Akifika miaka kumi na mbili atakuwa ameisikia habari ya huzuni yake mara mia, na atakuwa ameiamini. Tena huku tunakoishi. Mvulana mweusi nje ya mlango ule tayari kuna watu wanamsoma uso kabla hajafungua mdomo: huyu kanuna, huyu ana hasira, huyu ana matatizo. Nyumbani angalau akute uso wake ukiwa wake.

Kama mtoto wako ni wa kimya, mtu wa kukaa dirishani na kuangalia mvua, mpige picha hivyo hivyo, dirisha moja, giza lote unalotaka. Hiyo itakuwa Titus wako. Lakini kaa naye, msubiri, usimpange. Na kama ni mwaka wako wewe ndio ulikuwa mgumu, basi jipige picha wewe. Nilimwambia dada hivyo. Akanyamaza, halafu akasema, "Nani atatundika sura yangu ya mwaka ule?" Nikasema mimi. Alicheka kidogo, sijui kama aliniamini. Nilikuwa sitanii.

Mama nilimweleza habari ya bata. Akacheka mpaka akajifuta macho na ncha ya mtandio, halafu akanyamaza muda mrefu. Kisha akaniambia nimpelekee dada biriani ya kwenye bakuli la bluu, na nimwambie bakuli alilete mwenyewe. Posta ikafungwa rasmi.

Picha haikutupwa, na asitokee mtu akasema nilitaka itupwe. Imerudi kwa dada. Anasema ataiweka chumbani kwake, upande wa kabati, aione yeye, na mtoto akikua akiuliza atamwambia yote, shemeji, kigoda, bata na yeye mwenyewe. Bado anasema sikuielewa picha. Inawezekana. Jana usiku kanitumia sauti kwenye WhatsApp, nilikuwa katikati ya kuandika haya: "Ukimaliza hayo mambo yako ya intaneti, njoo na mashine ya kutobolea ukuta. Na usije na maneno."